Nguzo za Nyumba ya Bibi Wang

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika nyundo wala msumeno. Fundi Mkuu wa karakana ya misheni, upande wa Ilembula, alinipeleka kwenye bweni lililokuwa linaezekwa, akanisimamisha mlangoni na kuniuliza, "Lutengano, paa hili limekaa juu ya nini?"

"Juu ya kenchi, Fundi," nikasema. Kenchi ni zile mbao zinazofungwa kwa umbo la pembetatu ili zibebe bati.

"Na kenchi zimekaa juu ya nini?"

"Juu ya ukuta."

"Ukuta ukiondoka?"

Nikautazama ukuta.

"Ukuta ukiondoka, watoto watakaolala humu wameondoka nao. Kwa hiyo wewe, kabla hujatazama mbao, tazama ukuta. Kila asubuhi."

Alikuwa mtu mfupi, mpole katika mambo mengine yote, na nadhani alikuwa anafundisha tu. Wenzangu waliyapokea maneno yale kama somo. Mimi yaliniingia kama habari ya msiba. Tangu hapo sijaingia jengo lolote bila kutafuta ufa. Hata kanisani mke wangu Esta hunigusa kwa kiwiko na kuninong'oneza, "Mchungaji yuko mbele, hayuko darini."

Nawaandikia vijana mnaojifunza useremala na uashi, maana mara nyingi mmeniuliza kuhusu ile nyumba ya Kichina iliyoko Yakobi, upande wa Njombe. Lakini hamtaielewa hofu yangu ya siku ile msipojua nilikotoka.

Kutoka karakana ya misheni niliajiriwa Njombe mjini, idara ya ujenzi. Kazi yetu ilikuwa kukarabati madarasa, zahanati na nyumba za walimu. Hapo ndipo nilipoizoea timazi, ile kamba yenye uzito wa chuma mwishoni, inayokuambia bila upendeleo kama ukuta umenyooka au umeinama. Mhandisi wa Wilaya alinikuta nayo mkononi hata kwenye majengo tuliyokwisha kuyakabidhi.

"Lutengano," aliniambia mara moja, "wewe ungekuwa daktari, usingemruhusu mgonjwa yeyote kutoka wodini."

"Mheshimiwa, mvua hazijaisha."

"Mvua hazitaisha, bwana. Panda gari twende."

Nilicheka naye, lakini nilipofika nyumbani nililifikiria lile jengo hadi Esta akaniondolea sahani ya chakula kilichopoa.

Baadaye nilihamia Makambako, kwenye yadi ya mbao. Anayeujua upepo wa Makambako ataelewa kwa nini mtu kama mimi hakupata utulivu pale. Msimamizi wa yadi alinipa kazi ya kuchagua mbao, kutenga mbichi na kavu. Mbao mbichi ina maji ndani yake. Ukiijengea leo, kesho itanywea, itajipinda, na kiungo ulichokibana kitalegea. Nilizijua kwa uzito, kwa harufu na kwa mlio wake zinapogongwa. Ni kwa sababu ya kazi hiyo Bwana Wang alinitafuta.

Bwana Wang alikuwa Mchina mnunuzi wa mbao, mtu wa makamo, mkimya. Sisi tulimwita Bwana Wangu, naye kwa muda mrefu alidhani ni dalili ya upendo mkubwa. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, lakini kilitosha. Siku hiyo alikuja na karatasi pana, akaitandaza juu ya rundo la mbao na kuishikilia pembe isipeperushwe.

"Fundi, hii nyumba ya mama yangu. Tutajenga Yakobi."

Nikaitazama. Ilikuwa nyumba ya kuta ndefu, madirisha madogo juu kabisa, na katikati yake palikuwa peupe.

"Hapa katikati paa liko wapi?"

"Hakuna."

"Na mvua?"

"Inaingia."

"Inaingia ndani ya nyumba?"

"Ndiyo. Mvua ya paa letu inaingia kwetu. Haiendi kwa jirani." Akatabasamu. "Kwetu hiyo ni baraka."

Alinieleza polepole. Kwao ni milimani, kwenye chai na ukungu, kusini mwa nchi yao, na nyumba za zamani za kule zilijengwa hivyo. Nyumba alimozaliwa yeye ilikuwa imebomolewa, na mama yake alikuwa amebaki peke yake kwenye chumba cha ghorofani mjini. Hakutaka kuja Afrika. Mwisho alikubali kwa sharti moja: akae kwenye nyumba yenye uwazi wa kuona mbingu, kama ile ya ujana wake. Bwana Wang alikuwa mtoto pekee. Alipokuwa ananieleza hayo aliikunja na kuikunjua ile karatasi hadi nikaogopa itachanika.

Nikakubali. Na hapo wasiwasi wangu ukapata makao mapya.

Tulianza na nguzo. Huku kwetu nguzo huzikwa ardhini. Pale tulizisimamisha juu ya mawe yaliyochongwa mviringo kama ngoma, ili unyevu wa ardhi usiipande mbao. Nguzo yenyewe imesimama tu, haijashikwa na kitu chini. Kisha boriti za kulala zinapenya katikati ya nguzo. Mwisho wa boriti unachongwa ulimi, nguzo inatobolewa tundu, ulimi unaingia tunduni na kubanwa kwa kigingi cha mti mgumu. Hakuna msumari. Niliuliza kuhusu misumari mara nyingi mno, mpaka Bwana Wang akawa ananiona nakuja na kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

"Msumari unashika," alisema. "Ulimi unacheza kidogo. Nyumba lazima icheze kidogo."

Mimi nyumba inayocheza sikuwahi kuisifu.

Mbao nilizichagua mwenyewe, mlingoti, yaani mkaratusi, kwa nguzo na msaipresi kwa boriti, na nikamwambia lazima zikauke kiangazi kizima. Mama yake alikuwa anapiga simu, anauliza nyumba imefika wapi. Bwana Wang angeweza kunilazimisha. Hakunilazimisha. Tulizipanga chini ya kivuli, upepo upite katikati, tukangoja. Vigae vidogo vya kupinda tulivifinyanga kwa udongo wa bondeni, na vya kwanza vilipasuka kwa baridi kali ya mwezi wa saba, tukaanza upya.

Kuta zilikuja mwisho, na hilo ndilo lililonivuruga. Kwa Fundi Mkuu, ukuta kwanza, paa baadaye. Hapa paa lilikuwa limekwisha kuezekwa, limekaa juu ya nguzo tupu, ndipo waashi wakaanza kupanga matofali kuzunguka. Kuta za pembeni zilipanda kupita paa, zikashuka kwa ngazi ngazi, kila ngazi ikiwa na kofia ya vigae vyeusi na ncha iliyoinuka. Kwao wanauita ukuta wa kichwa cha farasi. Kazi yake ni moto: nyumba zao zimebanana, na moto wa jirani ukija unagonga ukuta mrefu na kushindwa kurukia paa lako. Sisi tuliozoea kuona mashamba ya miti yakiteketea wakati wa kiangazi tulilielewa hilo upesi. Ukuta ukapakwa chokaa, ukang'aa hadi unaonekana kutoka barabarani.

"Bwana Wangu," nilimwambia, "ukuta mrefu hivi, mwembamba hivi. Unabebaje?"

"Haubebi kitu, Fundi. Ukuta ni koti tu."

Nilisikia. Sikuamini.

Mama yake alifika mwanzoni mwa mvua. Alikuwa mdogo wa umbo, nywele fupi nyeupe, na alitembea akishika kila nguzo kana kwamba anasalimia watu mstarini. Alipofika chini ya uwazi wa katikati, penye karo la mawe la kupokea maji, alisimama, akatazama juu. Wingu lilikuwa linapita. Akakaa kwenye kizingiti na kulia bila sauti. Bwana Wang alitoka nje, nami nikajifanya napima mlango.

Wote tulimwita Bibi. Aliyekaa naye alikuwa Mama Sekela, mjane wa pale pale Yakobi, aliyepika, kufua na kumfundisha kusema "Kamwene", salamu ya huku, kwa kila mpita njia. Hawakuwa na lugha moja, lakini walibishana kutwa. Bibi alizoea kwenda kukata machipukizi ya mianzi akayapika kama mboga, na wazee wa mtaa wakaja kulalamika, kwa kuwa ile mianzi ni ya kugema pombe ya ulanzi. Mama Sekela alisimama mlangoni akamtetea kwa Kibena kikali hadi wakaondoka wakicheka.

Bwana Wang alishinda Makambako kwenye mbao zake na kurudi mwisho wa wiki. Mimi nilikuwa nimeshaacha kazi ya yadi, naishi Yakobi, na aliniomba niwe naiangalia nyumba. Hakujua anamwomba nani. Nilikwenda kila siku.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa. Jirani wa upande wa juu alikuwa amekata miti yake yote ili apande parachichi, kama wengi walivyofanya wakati ule, na miche ilikuwa bado midogo. Maji yaliyokuwa yanazuiwa na mizizi yakawa yanateremka moja kwa moja. Tulichimba mtaro wa kuyageuza, ukajaa tope. Tukauchimba tena. Niliona udongo chini ya ukuta wa pembeni umelainika, na timazi yangu ikaanza kuonyesha nafasi kati ya kamba na tofali, nafasi ambayo juzi haikuwapo.

Mchana mmoja, mvua imeanguka tangu asubuhi bila kupumzika, nikaenda na nikakuta ufa umefunguka pale ukuta unapokutana na nguzo ya pembeni. Mkono wangu uliingia. Vyuma vidogo vilivyoushikiza ukuta kwenye nguzo vilikuwa vimeanza kuchomoka.

Nikaingia mbio. Bibi alikuwa chumbani kwake, ubavuni mwa ukuta ule ule, anashona. Mama Sekela alikuwa jikoni.

"Mama Sekela, mtoe Bibi! Ukuta unakwenda!"

"Unakwenda wapi?"

"Unaanguka, mama!"

Akaacha sufuria. Tulimshika Bibi mikono, yeye akiuliza kwa lugha yake, tukamtoa chumbani hadi ukumbini, penye uwazi. Maji yalikuwa yanamiminika kutoka mapaa yote manne, yanashuka karoni kama mapazia. Nilikuwa nimeelekea mlango wa nje niliposimama ghafla. Nyumba ile ilikuwa na lango moja tu, na lango hilo lilitokea kwenye njia nyembamba iliyopita chini ya ukuta ule unaoinama, mwendo wote hadi barabarani. Mwenyewe nilikuwa nimepita pale dakika chache kabla. Kuwatoa wanawake wawili, mmoja mzee asiyeweza kukimbia kwenye tope, maana yake ilikuwa kuwapitisha chini ya kifo. Kubaki maana yake, kwa mafunzo yangu yote, ilikuwa kungoja paa lituangukie.

Nikampigia Bwana Wang. Mvua ilikuwa inazima maneno.

"Ukuta wa pembeni unaanguka! Niwatoe?"

"Wa upande wa njia?"

"Huo huo!"

Nilisikia anavuta pumzi.

"Msitoke. Fundi, unanisikia? Msitoke. Kaeni katikati, penye nguzo kubwa."

"Paa litatuua!"

"Paa liko juu ya nguzo. Nguzo umezichonga wewe. Umesahau?" Akapaza sauti. "Huyo ni mama yangu, Fundi. Nakuambia, kaeni."

Simu ikakatika.

Vijana, mtu anaweza kufanya kazi maisha yake yote asiulizwe kama anaiamini. Mimi niliulizwa siku hiyo. Niliwatazama wale wanawake wawili. Mama Sekela alikuwa ananisubiri niseme, midomo yake inasali. Kichwani nilimsikia Fundi Mkuu: ukuta ukiondoka, wameondoka nao. Nikazifikiria zile ndimi, moja moja, vigingi nilivyovigonga, mbao tulizozingoja zikauke.

"Tunabaki," nikasema.

"Una hakika, baba?"

"Sina. Shika nguzo."

Tulimweka Bibi kati yetu, mgongo kwenye nguzo kubwa ya ukumbi. Yeye peke yake alikuwa ametulia. Alikuwa ameushika mkono wa Mama Sekela na kuupigapiga kama anambembeleza mtoto. Kisha tukasikia mlio mrefu, wa kukwaruza, kama gari lililobeba mawe linamwaga. Sakafu ikatikisika. Vigae vya ukingoni viliporomoka. Boriti juu yetu zililia, zote kwa pamoja, mlio ambao sijausikia tena, na nikaona kwa macho yangu nguzo ya pembeni ikisogea juu ya jiwe lake, ikaenda, ikarudi. Vumbi la chokaa likajaa. Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua kulikuwa na mwanga mwingi. Ukuta haukuwapo. Mahali pake palikuwa na mvua, bustani ya jirani, na ng'ombe aliyesimama anatutazama. Sehemu kubwa ilikuwa imelalia ile njia, imeifukia kabisa. Sehemu nyingine ilikuwa imeangukia kitanda cha Bibi na mashine yake ya kushonea. Na paa lilikuwa pale pale, juu ya nguzo zake, limening'inia hewani bila ukuta upande mmoja, linamwaga maji karoni kama kawaida.

Mama Sekela alianza kuimba wimbo wa kanisani, akashindwa kufika katikati. Mimi nilikaa sakafuni. Bibi alisema jambo kwa lugha yake, akaelekeza kidole jikoni. Sufuria ilikuwa inaungua.

Majirani walikuja kwa kuruka matope, wakashangaa nyumba inayoonekana ndani yote, kitanda kilichofukiwa, meza, picha zilizobaki zinaning'inia kwenye nguzo. Bwana Wang alifika jioni, ameendesha gari kutoka Makambako kwenye mvua ile, tope hadi magotini. Hakuuangalia ukuta. Alimshika mama yake kichwa kwa mikono miwili, akamkagua kama mtu anayenunua chungu, kisha akaja akasimama mbele yangu. Akasema tu, "Fundi," akarudia, "Fundi," nami nikasema, "Bwana Wangu," na siku hiyo halikuwa jina la utani.

Ukuta tuliujenga upya, msingi wa mawe mapana, mfereji mpana zaidi, na jirani akakubali kupanda nyasi kwenye matuta yake. Bibi aliishi pale miaka kadhaa, akafariki usingizini, msimu wa ukungu. Bwana Wang alirudisha majivu yake milimani kwao, na baada ya hapo hakuweza kukaa kwenye nyumba ile. Aliiuza kwa mfanyabiashara wa Njombe, mtu mchangamfu mwenye watoto wengi, akaondoka nchini. Tuliagana kwa kushikana mikono muda mrefu, kila mmoja anangoja mwenzake aachie.

Mimi nimestaafu. Magoti yanauma, mikono haishiki patasi sawasawa. Nilidhani kustaafu ni kuachana na wasiwasi. Kumbe wasiwasi haupewi barua ya kustaafu. Siku moja Mama Sekela alikuja nyumbani kwangu anahema.

"Baba, yule bwana mpya ameleta mafundi wenye misumeno. Anataka kukata nguzo mbili za ukumbini. Anasema zinaziba runinga."

Nilikwenda na kandambili. Nikamkuta amesimama chini ya nguzo ile ile tuliyoegemea.

"Shikamoo mzee," akasema. "Usihofu. Ukuta huu ni imara, utabeba."

"Marahaba, mwanangu. Huo ukuta haubebi kitu."

Akacheka. Mafundi wake wakacheka pia, na sikuwalaumu. Mimi mwenyewe ningecheka zamani. Nikaomba kiti. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, na nilipofika pale ukuta ulipoondoka aliacha kucheka, akautazama, kisha akazitazama nguzo. Nikamwonyesha namna ya kuzigonga kwa kifundo cha kidole: nguzo nzima hulia kavu na kali, iliyoanza kuoza hujibu kwa sauti ya chini, kama ya mtu mwenye mafua. Akazigonga zote. Akawaambia mafundi warudishe misumeno garini.

Ule uwazi wa katikati aliuziba. Alisema watoto wanapata baridi, naye nyumba ni yake. Ameweka bati za plastiki za kupitisha mwanga, na ukumbi sasa una giza kidogo hata mchana. Liliniuma. Lakini nguzo zimebaki.

Wiki iliyopita mvua za kwanza zilianza baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimekwisha kuvaa koti na kuchukua fimbo niende kuitazama ile nyumba, Esta ananifungulia mlango, simu ikalia. Alikuwa yule mfanyabiashara.

"Mzee, nimezigonga zote sasa hivi. Moja ya upande wa jikoni imenitia shaka. Nimemulika na tochi chini, kwenye jiwe, sioni kuoza, lakini moyo wangu haujatulia. Kesho asubuhi naleta fundi aiangalie. Nimewahamisha watoto kutoka chumba cha upande huo kwanza."

"Umefanya vizuri."

"Na mfereji nimeupitia. Maji yanakwenda. Lakini nitaupitia tena baadaye kidogo."

Nikamsikiliza akinieleza kuhusu mfereji, kuhusu ufa mwembamba wa plasta ambao pengine si kitu, kuhusu mteremko wa jirani. Nilivua koti huku anaongea. Alipomaliza nililala kitandani mchana kweupe, mvua inapiga bati, na Esta anasema nilikoroma mpaka ilipokatika.